Ahsante ya Mwaka Mpya

Mji mkubwa huukaribisha mwaka mpya kwa fataki na taa. Mji mdogo huukaribisha kwa habari. Mingoyo ni mji mdogo. Mwaka ukiingia huko hausikiki kwa kishindo, bali kwa maulizo. Watu hukutana barazani, sokoni ama katika njia panda ya Mnazi Mmoja, huamkiana, hutakiana heri, kisha huulizana. Nani amezaliwa, na nani ametangulia mbele ya haki? Korosho zimekwenda kwa bei gani katika mnada wa mwisho? Watoto wangapi wameitwa Kidato cha Kwanza, na wangapi sare zao zimekwisha kushonwa? Mvua imenyesha wapi, na maji ya bomba yametoka siku ngapi? Maulizo haya ni gazeti la mji lisilopigwa chapa, na kila mkazi ni mwandishi wake na msomaji wake. Lakini limo ndani ya gazeti hilo jambo moja ambalo aghalabu hutajwa kwa haraka au husahauliwa kabisa, nalo ni ahsante kwa watu waliouhudumia mji katika mwaka uliokwisha. Jambo hilo ni dogo kwa umbo na kubwa kwa maana. Mji hujulikana kwa namna unavyowashukuru watumishi wake kama vile nyumba inavyojulikana kwa namna inavyompokea mgeni.

Mingoyo iko kando ya hori ya Lindi, karibu na mahali ambapo maji matamu ya Mto Lukuledi huchanganyika na maji ya chumvi. Kwa utawala ni kata ya Manispaa ya Lindi; kwa sura ni mji wa minazi, mikoko, mashamba ya korosho na ufuta, na barabara. Barabara ndiyo iliyoupa mji huu nasibu yake. Katika Mnazi Mmoja njia ya Mtwara hukutana na njia ya Masasi, na zote mbili hushika mkono mmoja kwenda Lindi, Kilwa na Dar es Salaam. Kwa hiyo Mingoyo huona watu wengi wakipita. Huona mabasi ya alfajiri, malori ya korosho, magari ya wakubwa yaendayo kwa kasi, na watumishi wapya wakishuka na masanduku yao. Huona pia watumishi wa zamani wakipanda na masanduku yale yale. Mji uliokaa njia panda hujifunza mapema tofauti kati ya mtu apitaye na mtu akaaye.

Walakini lazima kuuliza kwanza: mwaka mpya ni upi? Pwani haikujaliwa mwaka mmoja tu. Uko mwaka wa Januari, ambao ni wa shule na ofisi. Uko mwaka wa Kiislamu, unaofungua kwa mwezi wa Muharram na kufuata mwandamo. Uko mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza tarehe 1 Julai, na huo ndio mwaka unaotawala dawa za zahanati, chaki za shule na mafuta ya gari la wagonjwa. Tena uko mwaka wa wazee, yaani mwaka wa Waswahili wenye siku 365, wenye miongo 36 ya siku 10 na siku 5 za ziada, ambao haujui siku ya nyongeza, na kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka 4 ukilinganishwa na kalenda ya Januari. Kwa mwaka huo wakulima walijua wakati wa kupanda, na mabaharia walijua wakati wa kutweka na wakati wa kutua tanga. Ulikuwa mwaka wa kazi kabla ya kuwa mwaka wa sherehe.

Ingawa mahali pengi pa pwani desturi za Siku ya Mwaka zimefifia, Makunduchi katika kisiwa cha Unguja bado zinahifadhiwa kila mwezi wa Julai, na watu huziita Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba pasipo kutaka kuumizana, ili chuki ya mwaka uliopita itoke mwilini. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Baadaye watu hula pamoja, na si vizuri mtu kubaki pasipo mgeni siku hiyo. Mtazamaji wa juu juu huona mchezo. Mtazamaji wa makini huona utaratibu wa hekima kubwa: kwanza ugomvi, kisha chakula; kwanza hesabu ya yale yaliyoumiza, kisha shukrani kwa yale yaliyoponya. Wazee hawakutaka mwaka mpya uanze kwa tabasamu lililofunika kinyongo. Wala hawakutaka kinyongo kipewe mwaka wa pili wa kuishi. Utaratibu huo una maneno ya kumwambia kila mji unaotaka kuwashukuru watumishi wake.

Katika pwani ya kusini neno la shukrani kwa mtu wa serikali halikuota kwa urahisi. Ardhi yake ilikuwa kavu kwa muda mrefu. Chini ya utawala wa Wajerumani, mtu wa serikali aliyefika kijijini alikuwa akida, na akida hakuja kuuliza hali. Alikuja kutaka kodi, ambayo ilianza kutozwa mwaka 1898, na kutaka mikono ya watu kwa mashamba ya pamba. Mwezi wa Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Vita vilifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Kumbukumbu ya namna hiyo haifi pamoja na walioiona. Katika nchi ambayo bibi alimwona mtu wa serikali akakimbilia porini, mjukuu hawezi kulaumiwa akisita kusema ahsante.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja jambo la namna nyingine. Waingereza walitaka karanga, na kati ya mwaka 1947 na 1951 walifanya mradi mkubwa ambao Nachingwea ilikuwa moja ya makao yake. Gati lilijengwa Mkwaya, katika hori hii hii ya Lindi, na reli ikatandikwa kutoka huko kwenda bara. Matrekta, wahandisi na makarani walifika kwa wingi kama mafuriko. Karanga hazikufika kwa kiasi kilichotazamiwa. Mradi ukavunjwa, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mingoyo na jirani zake waliona kwa macho yao kwamba jambo kubwa laweza kuja na kuondoka kama wingu lisilo mvua. Katikati ya kuja huko na kuondoka, mnamo Aprili 1952, kimbunga kiliupiga mji wa Lindi na kuua watu. Baada ya kimbunga, mtu hahitaji mradi mkubwa. Humhitaji mtu wa kumfunga jeraha, mtu wa kuondoa mti barabarani, na mtu wa kuandika majina ya waliopotea.

Uhuru ulipokuja, mwaka 1961, lilikuja pamoja nao tumaini kwamba mtu wa serikali atabadilika jina na tabia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea kiburi na majivuno ya wenye vyeo. Miiko yenyewe ililegezwa mwaka 1991, na mambo mengi yamegeuka tangu hapo. Lakini jina limebaki. Mtu wa serikali leo huitwa mtumishi wa umma. Jina hili lastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa lugha. Kama vile mpishi alivyotoka katika kupika na mwandishi katika kuandika, ndivyo mtumishi alivyotoka katika kutumika. Mtumishi ni mtu aliyekubali kutumika. Umma ndio unaomtuma, na aliyetumwa hana budi kurudi kwa aliyemtuma na kusema amefanya nini. Ndani ya jina hilo limo agizo na limo jibu.

Msomaji na amtazame mtumishi huyo, si katika picha ya ukutani bali katika kazi. Mwalimu wa darasa la kwanza hufungua mlango mwezi wa Januari na kukuta watoto wengi kuliko madawati. Tangu mwaka 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali, wazazi wengi waliowaficha watoto nyumbani wamewaleta. Ni heri kubwa, na mzigo wa heri hiyo uko mgongoni mwa mwalimu. Muuguzi wa zahanati hupima uzito wa vichanga asubuhi, hugawa dawa mchana, na usiku huamshwa kwa kugongewa dirisha. Mtendaji wa mtaa huandika barua za utambulisho, husuluhisha mipaka ya mashamba, na hutukanwa na pande zote mbili. Fundi wa maji hufuata bomba lililopasuka kwa baiskeli ama kwa miguu. Mfagizi wa soko huondoka kabla ya watu kuamka, kwa hiyo watu hudhani soko hujifagia lenyewe. Wote hawa wana sifa moja: kazi yao ikifanyika vyema haionekani, na ikiharibika huonekana na kila mtu.

Mwezi wa Mei 2024 sifa hiyo ilidhihirika. Kimbunga Hidaya kilifika pwani, na maji ya mvua yakakata barabara kuu katika wilaya ya Kilwa, upande wa Somanga. Kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia yake kuu. Abiria walikwama pande zote mbili za maji. Watu ambao tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003 walikuwa wamesahau maana ya kungoja wakaikumbuka ghafula. Mafundi na vibarua wa barabara walijaza mawe na udongo mpaka magari yakapita tena. Magari yalipopita, dereva alitazama mbele, abiria alitazama saa yake, na vibarua walibaki kando ya njia na matope yao. Ni wachache waliojua hata jina la mmoja wao. Njia iliyokatika ilikuwa habari. Njia iliyotengenezwa haikuwa habari tena.

Serikali, kwa upande wake, imeweka siku za shukrani. Tarehe 1 Mei wafanyakazi hodari hupewa cheti na zawadi. Kuanzia tarehe 16 mpaka 23 Juni huwa Wiki ya Utumishi wa Umma, ambayo hufikia kilele chake katika siku inayoadhimishwa Afrika nzima. Siku hizi ni njema, na hapana haja ya kuzibeza. Lakini cheti hutoka ofisini kwenda ofisini. Mkubwa humshukuru mdogo kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Shukrani ya mji ni kitu kingine, na pahali pake ni pale habari za mji zinapotolewa.

Mwanzo wa mwaka mmoja wa karibuni, wakazi wa mtaa mmoja katika upande huo walikutana chini ya mwembe kusikiliza taarifa. Taarifa ilikuwa ndefu na ya kawaida. Ilitaja korosho, shule, maji, ulinzi na taka. Mwishoni zilitolewa shukrani kwa viongozi wa juu, kwa wageni waliohudhuria, kwa wafadhili waliotoa mabati, na kwa kila mtu ambaye jina lake lilikuwa na cheo mbele yake. Watu wakapiga makofi yaliyokwisha kuzoea kupigwa. Hapo bibi mmoja mtu mzima akainua mkono, akasimama kwa kujisaidia na fimbo yake, akasema:

"Shikamooni wakubwa wangu, na wadogo zangu hamjambo. Nimekaa nikizisikiliza ahsante zenu. Zote zimepanda juu. Sikuona hata moja iliyoshuka."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Akaeleza kwamba juma lililopita alikwenda Mnazi Mmoja alfajiri kumsindikiza kijana wake, akamkuta muuguzi wa zahanati yao ameketi juu ya sanduku, peke yake, akingoja basi. Amehamishwa. Alikaa nao miaka 6, akitokea bara, mwendo wa siku mbili, wala hapakuwa na mtu wa kumbebea hata ndoo.

"Nikamwambia: Nesi, mwanangu, wewe una deni kwangu, na mimi nina deni kwako. Deni lako ni usiku ule ulipomkemea binti yangu kwa uchungu wake, kama kwamba yeye ndiye aliyeutengeneza. Liliniuma, na miaka miwili nimepita mbele ya mlango wako nisikuamkie. Deni langu ni mjukuu. Usiku ule ule hukulala, na mtoto yu hai, anakimbia. Basi leo nimekuja tulipane."

Muuguzi alilia. Akasema: "Bibi, nisamehe. Usiku ule walikuwa watatu, na mimi nilikuwa peke yangu. Hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya binti yako."

Bibi akamwambia ahsante, akampa mfuko wa korosho za kubangua aliokuwa amemkusudia kijana wake, na basi likafika.

Mkutano ulinyamaza. Kisha mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo: kumbe usiku huwa mmoja tu? Hakuna aliyejua. Miaka 6 zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja wa usiku, na mji uliokuwa ukijua bei ya korosho mpaka senti ya mwisho haukulijua jambo hilo. Walijua kwamba nesi ni mkali. Ukali walikuwa wameusimulia visimani na sokoni. Sababu ya ukali hawakuiuliza. Siku hiyo waliandika ombi la muuguzi wa pili, na jina la yule aliyeondoka likaingizwa katika taarifa kwa kalamu, pembeni, kwa kuwa karatasi ilikwisha kupigwa chapa.

Kisa hiki ni kifupi, lakini kimebeba mzigo mzito. Kinaonyesha kwamba habari na shukrani si mambo mawili. Habari kubwa kupita zote za mtaa ule ilikuwa imefichwa ndani ya ahsante isiyotolewa. Kama watu wangalikwenda kumshukuru muuguzi mwaka wa kwanza, wangaliketi naye; wangaliketi naye, wangalimuuliza; wangalimuuliza, wangalijua. Mtu hujifunza hali ya mtumishi wake kwa kumkaribia, na hakuna njia ya heshima ya kumkaribia iliyo bora kuliko shukrani. Malalamiko peke yake humfanya mtumishi afunge mlango. Sifa peke yake humfanya afungue mlango na kuficha vyumba.

Hapa lugha yenyewe hutoa ushahidi. Neno ahsante limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umetenda vyema". Si neno la kupokea tu. Ni neno la kupima. Asemaye ahsante ametoa hukumu: amelitazama tendo, amelilinganisha na wema, na ameliona limetimia. Kwa hiyo haiwezekani kumwambia mtu ahsante ya kweli pasipo kujua alitenda nini. Ahsante inayotolewa kwa cheo, pasipo kuangalia tendo, ni sarafu isiyo na fedha ndani yake. Hulia ikidondoka, lakini hainunui kitu. Bibi wa Mnazi Mmoja alipima kwanza, akasema ovu lililokuwa ovu na jema lililokuwa jema, ndipo akatoa ahsante. Muuguzi aliondoka na neno zito kuliko cheti.

Yamkini atatokea mtu wa kusema: mtumishi hupokea mshahara, basi shukrani ya nini tena? Mtu huyu ana nusu ya haki. Mshahara ni neno lililotoka katika mwezi. Ni haki ya mwezi, malipo ya siku zilizohesabiwa. Mshahara hulipa kufika kazini. Haulipi kukesha, wala haulipi subira ya mwalimu kwa mtoto mzito wa kuelewa. Shaaban Robert aliingia katika idara ya forodha mwaka 1926 na alitumika serikalini kwa sehemu kubwa ya umri wake. Mshahara ulimlipa kwa hesabu alizoandika mchana. Nchi haikumlipa kwa yale aliyoandika kwa moyo wake, na hata leo shule zote zamwia radhi kwa kumsoma. Iko sehemu ya kazi ya kila mtu isiyoweza kuandikwa katika daftari la malipo. Sehemu hiyo hulipwa kwa ahsante, ama hailipwi kabisa.

Lakini nusu ya pili ya haki lazima isemwe vile vile. Ahsante haiwezi kusimama mahali pa mshahara. Mtumishi anayedai malimbikizo yake hashibi kwa makofi, na mwalimu asiye na nyumba haezeki paa kwa sifa. Mji unaomwimbia muuguzi wake pasipo kumtafutia mwenzake wa usiku unamtania. Shukrani ya kweli huona aibu kubaki neno. Hutafuta mkono na mguu. Chini ya mwembe ule ahsante ilizaa ombi la muuguzi wa pili, na kwa sababu hiyo ilikuwa ahsante iliyo hai.

Iko sababu nyingine ambayo huifanya shukrani kuwa jambo la lazima katika pwani ya kusini. Kwa miaka mingi, kabla ya daraja na kabla ya lami, kupelekwa kusini kulionekana na watumishi wengi kama kupewa adhabu. Mvua ilipokata njia, mtu aliyepangiwa Lindi ama Mtwara alihesabu siku zake kama mfungwa. Barabara imebadilika, lakini fikira hubadilika polepole kuliko barabara. Mtumishi anayejiona ameadhibiwa huwatumikia watu kama anayetumikia kifungo. Mji hauwezi kumlazimisha ampende; waweza tu kumfanya ajue kwamba ameonekana. Mtu aliyeonekana huweka sanduku chini ya kitanda. Mtu asiyeonekana huliacha mlangoni, likiwa limefungwa.

Tena aliyesahauliwa hasahau. Yule muuguzi, kama bibi asingalitokea alfajiri ile, angalikwenda kwenye kituo chake kipya na kusema kusini hakuna shukrani. Muuguzi mwingine angalisikia. Yule wa pili angaliomba asipangiwe kusini, na mama mwingine usiku mwingine angaligonga dirisha pasipo kupata jibu. Hivyo ndivyo kutoshukuru kunavyozunguka dunia na kurudi nyumbani kwa mwenyewe. Mfuko mmoja wa korosho ulikata mzunguko huo. Muuguzi alipanda basi akijua amekosa, akijua amesamehewa, na akijua amefaa. Ni watumishi wachache wanaoondoka mahali na mambo yote matatu.

Mwaka ukirudi tena, Mingoyo itaulizana habari zake kama desturi. Korosho zitatajwa, mvua zitatajwa, vizazi na vifo vitatajwa. Mabasi yatasimama Mnazi Mmoja, na mtumishi fulani atashuka na sanduku lake akitazama huku na huku kama mgeni. Yafaa akutwe na mtu wa kumwamkia na kumwonyesha njia. Na mwisho wa mwaka yafaa aitwe barazani, aambiwe alipokosea mbele ya watu wanaomtakia heri, aulizwe ni nini kilichomshinda na kwa nini, kisha aambiwe ahsante. Wazee wa pwani waliupokea mwaka kwa kupigana migomba kwanza na kula pamoja baadaye. Hawakukosea mpango. Shukrani isiyo na hesabu ni sifa tupu, na hesabu isiyo na shukrani ni dhuluma. Mji unaotaka kuingia mwaka mpya kwa haki hubeba vyote viwili, kimoja katika kila mkono.